Kusokota Uzi kwa Mkono: Anza na Sufu, Kijiti na CD Mbili

Chukua pamba ya duka la dawa, ile ya kusafishia vidonda, unyofoe kipande kama cha kidole gumba. Kishike huku na huku, ukivute polepole. Kitarefuka, kitakonda, kisha kitaachana katikati bila hata kutoa sauti. Nyofoa kingine. Safari hii vuta kidogo tu, na kabla hakijaachana, usokote mwisho mmoja kati ya kidole gumba na kidole cha shahada. Sokota upande uleule, usibadilishe, mara kumi na tano au ishirini. Sasa vuta tena. Hakiachani. Umepata sentimita nne za uzi na hujanunua kifaa chochote.

Kazi yenyewe ndiyo hiyo. Nyuzinyuzi zikilala tu pamoja huteleza, lakini ukizisokota zinabanana, na ukizivuta zinazidi kubanana. Kijiti cha kusokotea, gurudumu la kusokotea na hata mashine kubwa ya kiwandani zipo ili jambo hilohilo lifanyike kwa mita nyingi bila vidole kufa ganzi. Karibu kila kinachomsumbua anayeanza kinatokana na kutojua msokoto uko wapi wakati huo: uko kwenye uzi, umepanda hadi kwenye sufu, au umekwisha. Uzi ukikukatikia, usianze kulaumu sufu wala kijiti. Jiulize kwanza msokoto ulikuwa wapi.

Kwa nini sufu, si pamba

Najua wengi wetu tukisikia uzi tunafikiria pamba. Tuna haki. Kilwa wachimbaji wa mambo ya kale wamefukua vijiduara vingi vilivyochongwa kutoka kwenye vigae vya vyungu na kutobolewa katikati. Hivyo ndivyo vilivyokuwa vizito vya vijiti vya kusokotea. Naye Ibn Battuta, msafiri kutoka Morocco aliyepita Mogadishu mwaka 1331, aliandika kuhusu nguo zilizotengenezwa huko na kupelekwa hadi Misri. Karne ya 19 ilipofika, marekani, kitambaa cha pamba cha viwandani, ikamiminika kupitia Zanzibar, na mfumi wa mkono hangeweza kushindana na bei ile.

Shida ni kwamba unyuzi mmoja wa pamba inayolimwa kwetu una urefu wa sentimita tatu hivi. Ukichelewa kidogo tu kuutia msokoto, umekwisha kukuponyoka. Sufu ya kondoo aina ya Corriedale, wanaofugwa kwenye nyanda za baridi za Kenya, huwa na sentimita 8 hadi 12, na kila unywele una mawimbi na magamba madogo yanayomshika mwenzake. Ukikosea, inakusubiri ujirekebishe. Pamba haikusubiri. Kwa hiyo jifunze kwa sufu, na pamba uirudie ukishaona vidole vimezoea. Mwishoni nitaeleza jinsi ya kuirudia.

Ila kondoo si kondoo tu. Kondoo mwekundu wa Kimaasai, na yule mweupe mwenye kichwa cheusi, wana nywele fupi ngumu, si sufu. Hata uwanyoe wote boma zima hutapata soksi moja. Tafuta Corriedale, Merino au chotara wao. Mwombe mfugaji sufu ya mabegani na mbavuni, usikubali ya tumboni wala ya mapajani. Mimi mara ya kwanza niliuziwa gunia zima kwa bei niliyoiona ya kutupa, nikajisifu njia nzima. Nyumbani nikafungua: tumbo tupu, samadi iliyokauka, na miba ya kutosha kuzungushia shamba. Nusu kilo ya mabegani ingenitosha.

Na usichanganye sufu na sufi. Sufi ni ile ya mti wa msufi, ya kujazia mito. Ni laini, inang'aa, inavutia macho, lakini nyuzinyuzi zake ni fupi na zinateleza kama sabuni. Iache kwenye mto.

Kuosha

Sufu mbichi ina mafuta yake, nayo hutoka kwa maji ya moto na sabuni. Tatizo ni kwamba sufu hiyohiyo ikipata moto pamoja na msuguano, au ikitolewa kwenye maji ya moto ikatumbukizwa kwenye baridi, magamba yake hushikana na isiachane tena. Niliwahi kuifikicha kama ninavyofikicha kola ya shati, nikatoa kipande cha zulia. Bado ninacho, paka analalia.

Fanya hivi. Gawa sufu kidogokidogo kwenye mifuko ya neti ile ya vitunguu. Weka kwenye beseni maji ya moto ambayo mkono hauwezi kukaa ndani, tia sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwanza, koroga, ndipo uizamishe mifuko kwa kuikandamiza na mwiko. Usikoroge tena, usisugue. Acha dakika 20, si zaidi, kwa sababu maji yakipoa mafuta hurudi kwenye sufu. Inua mifuko, maji yachuruzike, rudia kwa maji mapya yenye moto uleule na sabuni, kisha suuza mara mbili, bado kwa maji ya moto. Anika kivulini juu ya wavu. Usishangae ukikuta theluthi ya uzito imeondoka, au hata zaidi. Hayo yalikuwa mafuta, vumbi na jasho la kondoo.

Ikikauka, ichambue kwa vidole: vuta kila kishungi mpaka kifunguke kama wingu, takataka zidondoke. Ukiwa na brashi mbili za kuchania mbwa, zile za vijisindano vya waya zinazouzwa kwenye maduka ya agroveti, tandaza sufu kidogo juu ya moja na upitishe ya pili juu yake kwa mkono mwepesi, mara nne au tano, kisha ibandue na uiviringishe iwe utambi mnene. Kama huna brashi, usijali. Sufu iliyochambuliwa vizuri kwa vidole inasokoteka, na uzi wake una vinundu ambavyo baadaye utavikumbuka kwa mapenzi.

Kijiti

Unahitaji kijiti kilichonyooka cha sentimita 28 hadi 30, unene kuzidi penseli kidogo. Mwanzi mkavu unafaa sana. Unahitaji pia CD mbili kuukuu, kulabu ndogo ya skrubu ya kutundikia vikombe, na kipande cha tyubu ya baiskeli.

Tundu la CD lina milimita 15, kijiti chako ni chembamba zaidi. Kata utepe wa tyubu, uviringishe kijitini kwa nguvu, sentimita nne au tano kutoka juu, hadi CD mbili zilizobanwa pamoja ziingie kwa kulazimisha. Zikiingia kirahisi, ongeza raundi. Kwangua kijinafasi ukingoni mwa CD kwa tupa, uzi upate pa kukaa. Juu kabisa toboa kwa msumari mwembamba, kwa uangalifu kijiti kisipasuke, uskrubu kulabu. Chote kitakuwa na gramu 40 hivi, uzito mzuri wa kuanzia. Kizito zaidi kitakukatia uzi, na chepesi sana kitazunguka kidogo na kuchoka.

Kijaribu kama mtoto anavyojaribu pia yake ya kuchezea: kitundike kwa uzi wowote, kizungushe, utazame. Kikiyumba, kulabu haiko katikati au CD zimelala upande. Rekebisha sasa. Kijiti kinachoyumba kitakupotezea saa nzima huku ukidhani mwenye makosa ni wewe.

Kusokota

Hapa usiwe na haraka. Kaa kwenye kiti. Funga uzi wa kuanzia, kipande cha nusu mita cha uzi wa sufu wa dukani, kwenye kijiti chini ya CD. Upandishe, upite kwenye kile kijinafasi, uzungushe mara moja kwenye kulabu. Ule mwisho ulio huru ufumue upate manyoya, kisha laza juu yake ncha ya sufu yako, vipandane sentimita 8 hivi. Bana hapo kwa vidole vya mkono wa kulia. Sufu iliyobaki iko mkono wa kushoto, imeshikwa kama unavyoshika kifaranga.

Sasa zungusha kijiti kufuata mshale wa saa. Daima upande huo. Kizungushe mpaka uzi wa kuanzia ujae msokoto, kisha kibane kati ya magoti kisirudi nyuma. Umeweka akiba ya msokoto, kijiti kimetulia, na mikono miwili iko huru.

Mkono wa kulia bado umebana. Mkono wa kushoto uvute nyuma taratibu, sentimita tano tu. Utaona sufu kati ya mikono ikikonda na kuwa kama ukungu unaopitisha mwanga. Hapo ndipo uisogeze ile mbano ya kulia, kwa kuiteleza kuelekea kushoto. Msokoto utaufuata mkono wako: ukungu unajikaza mbele ya macho, unakuwa uzi. Bana tena pale ulipofika. Vuta. Teleza. Bana.

Mama aliyenifundisha, kule Nyahururu, alinitazama dakika tano nikihangaika, sufu yote mkononi mwangu imejisokota na kuwa kamba isiyovutika.

"Mwanangu, mlango umeuacha wazi."

"Mlango upi, mama?"

Akanigusa vidole vya kulia. "Huu. Funga kwanza, ndipo uvute."

Vidole vya kulia ndivyo mlango. Chini yake msokoto unaruhusiwa, juu yake hauruhusiwi mpaka umalize kuvuta. Ukiulegeza mapema, msokoto unakimbilia kwenye sufu na kuifunga, nawe unaanza kuvuta kwa nguvu mpaka mishipa ya shingo inatoka. Dawa yake si nguvu. Rudisha msokoto kwa kufumua kwa vidole kinyume cha saa, sufu ilegee, kisha ufunge mlango.

Dalili nyingine ya kuangalia: mikono yako isikaribiane mno. Kama unywele wa sufu yako una sentimita 10, na mikono imeachana sentimita sita, basi umeshika nywele zilezile huku na huku, unazivutia zenyewe. Iachanishe kuzidi urefu wa unywele na utashangaa jinsi inavyoteleza.

Akiba ya msokoto ikipungua, uzi utaanza kuonekana mlegevu na utaachana. Kabla hujafika hapo, zungusha kijiti tena. Kujua kama umetosha, legeza uzi kidogo ujikunje wenyewe: ukijisokota na kuwa kamba ndogo ya duara, sawa. Ukining'inia tu kama kamba ya kuanikia nguo, ongeza. Ukijikunjakunja vifundo vifundo kabla hujaugusa, umezidisha. Acha kijiti kining'inie kirudi chenyewe kidogo.

Ukipata uzi wa urefu wa mkono, toa kwenye kulabu na uuzungushie kijitini, chini ya CD kabisa, ujenge umbo la karoti: nene juu, nyembamba chini. Bakiza nusu mita, pandisha, rudisha kwenye kulabu, endelea. Usiuache uzi ulegee wakati wa kuzungushia. Msokoto mbichi ukipata nafasi unafunga mafundo ya ajabu.

Fanya hivi nusu saa kwa siku, si saa nne Jumamosi. Kwangu siku tatu za kwanza zilikuwa za kuokota kijiti sakafuni. Siku ya nne au ya tano vidole vikaacha kuuliza maswali. Ukifika hapo, simama, acha kijiti kining'inie na kuzunguka chenyewe huku ukivuta. Simama juu ya mkeka au blanketi. CD ikianguka kwenye saruji hupasuka.

Unapokatika, unapovimba

Msokoto hupenda mahali pembamba. Ukiwa na uzi wenye sehemu nene na sehemu nyembamba, msokoto wote unakimbilia kwenye nyembamba na kuikaza kama waya, nene inabaki laini na legevu. Ndiyo maana uzi wa mwanafunzi hukatika pembeni ya kinundu. Ukiona kinundu, kishike pande zote mbili, vidole vikiwa mbali na mbali, fumua kidogo, vuta taratibu hadi kikonde, achia msokoto urudi. Vinundu vingine viache. Sweta haina macho.

Uzi ukikatika, usifunge fundo. Fumua ncha iwe na manyoya kama brashi ya rangi, laza sufu mpya juu yake, bana, tia msokoto. Sufu hushikana yenyewe. Fundo litakusumbua kwenye sindano ya kufumia mpaka mwisho.

Kijiti kikianguka bila uzi kuonekana mwembamba, uwezekano mkubwa ni kwamba kilikuwa kimeanza kuzunguka kinyume wakati umeangalia simu. Kinaporudi nyuma kinautafuna msokoto ulioutia. Tazama kijiti.

Kuunganisha nyuzi mbili

Uzi mmoja peke yake hupinda, na kitambaa chake hulala upande. Unganisha nyuzi mbili. Zungusha uzi wa kijiti cha kwanza uwe mpira, wa pili nao hivyo, uache usiku mmoja vitulie. Weka kila mpira kwenye kikombe chake miguuni visikimbie chini ya kabati. Funga ncha zote mbili pamoja kwenye uzi wa kuanzia, na sasa zungusha kijiti kinyume cha saa. Kinyume, ndiyo. Kila uzi unataka kujifumua, lakini katika kujifumua unamkumbatia mwenzake, na zote mbili zinatulia. Hakuna cha kuvuta hapa, ni kuzielekeza tu kwa kidole kimoja katikati.

Ukitaka kuona jambo hilo bila kijiti, mtazame mama wa Ukambani akisokota mkonge wa kiondo kwenye paja. Anasukuma nyuzi mbili mbele kwa kiganja, kila moja inajisokota peke yake. Anazirudisha nyuma pamoja, zinafungana. Mara moja mbele, mara moja nyuma, na kamba imepatikana. Nyanya yangu alifanya hivyo akipiga gumzo, hatazami hata kidogo. Mimi nilikuwa nimekwisha kujifunza kijiti ndipo nikagundua alikuwa akifanya kazi ileile mbele yangu utoto wangu wote.

Ukimaliza kuunganisha, pindua stuli, zungushia uzi kwenye miguu yake minne, ufunge kitita sehemu nne kwa vipande vya uzi wa pamba bila kukaza. Kizamishe kwenye maji ya uvuguvugu dakika 20, kikamue kwa taulo bila kukisokota, kikung'ute kwa mikunjuo miwili mitatu, ukitundike. Usikiwekee uzito, uzi ukikauka umenyooshwa kwa nguvu, utajikunja ukiloana tena, na utakuwa umekwisha kuufuma. Kitita kilichokauka kining'inie kama pete iliyofunguka. Kikijipinda mara moja au mbili ni kawaida ya mwanzo. Kabla ya kuchagua sindano, zungushia uzi kwenye rula, nyuzi zilale sambamba bila kubanana, uhesabu zimeingia ngapi katika sentimita 2.5. Nane hadi kumi ni uzi wa kofia au skafu. Kofia ya mtu mzima huhitaji gramu 50 hadi 100, kwa hiyo ile nusu kilo ni kofia kadhaa. Sufu iliyobaki ifunge vizuri kwenye mfuko usiopitisha wadudu. Nondo wakiijua njia, hawatakuachia hata utambi mmoja.

Ukiirudia pamba

Punguza uzito. Kijiti chenye gramu 15 au 20, chenye ncha chini, kisimamishwe ndani ya bakuli dogo la udongo au la kioo badala ya kuning'inizwa, kwa sababu nyuzinyuzi fupi haziwezi kubeba kijiti kabla hazijapata msokoto wa kutosha. Pamba ya shambani ina mbegu. Kuzitoa, weka pamba juu ya ubao laini na uviringishe nondo ya chuma nyembamba kwa kukandamiza. Pamba inapita chini ya nondo, mbegu inasukumwa mbele yake. Chambua, viringisha tambi nyembamba kama sigara. Sehemu ya kuvuta ni ndogo, mkono wa kushoto unarudi nyuma huku kijiti kikizunguka, na msokoto unaohitajika ni mwingi kuliko wa sufu, karibu mara mbili ya unavyofikiri. Hapa mlango haufungwi kabisa. Unauachia msokoto upenye kidogokidogo huku ukivuta, na kama umezoea kuusikia kwenye vidole, utajua ni kiasi gani.

Uzi wa pamba hauloweshwi tu, unachemshwa. Ufunge kitita, utie kwenye sufuria na sabuni kidogo, uchemke saa moja. Maji yatageuka rangi ya chai ya rangi, hata kama pamba yako ilikuwa nyeupe kabisa. Ni nta yake inayotoka. Yamwage, suuza, anika juani.